Barua kwa Mwanangu: Ile Taksimu ya Juzi

Mwanangu mpenzi,

Juzi uliondoka bila kula, ukisema taksimu yako, kule kubuni kwako papo hapo peke yako kwenye kanuni, ile ala ya nyuzi, imeharibika. Nilikuwa safu ya pili, nataka nikwambie nilichosikia.

Ulianza vizuri mno. Besi ilishika sauti moja, wewe ukagusa makamu ya rasti, mojawapo ya ile mipangilio ya sauti tunayopigia, ukangoja mpaka mlio ukaisha wenyewe. Ile sauti ya tatu, isiyo juu wala chini, uliiweka pale pale, na mzee mmoja nyuma yangu akaguna, "Allah!" Halafu ukakumbuka. Nilikuona machoni: ulikuwa unakitafuta kile kipande ulichokesha nacho, cha kuhamia makamu nyingine, hijazi. Mkono wa kushoto ukavikimbilia vile vyuma vidogo vya kubadilishia sauti, kimoja ukakisahau, hijazi ikatoka imepinda. Tangu hapo hukuisikiliza tena kanuni, ulikuwa unajikagua.

Sikulaumu kwa kufanya mazoezi. Bila mazoezi hata nyuzi zisingekutii. Lakini ukishapanda jukwaani yaache yakae vidoleni, yasikupande kichwani. Mwaka 2008, huko Marekani, Charles Limb na Allen Braun walitoa utafiti wao: wapiga piano sita wa jazi walilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, kinanda kidogo mapajani. Walipobuni papo hapo, tofauti na walipopiga cha kukariri, sehemu za mbele za ubongo, zile za pembeni zinazohusika na kujichunga na kujisahihisha, zilipoa. Niliposoma hayo nilikukumbuka ulivyokuwa na miaka saba, unapiga kanuni huku unazungumza na paka, na njia hukuipotea.

Na ile hijazi iliyopinda, mwanangu, ilikuwa na pa kwenda! Ungeirudia makusudi, taratibu, kisha ukainua kile chuma watu wakisikia sauti inanyooka. Mimi hapo ningesimama. Kanuni na makamu tulivipokea kutoka Misri, zama za Sultani Barghash wa Zanzibar. Cha kusema ndani yake kila mpigaji anakipata palepale alipokaa, na siku nyingine kinaanzia kwenye kosa.

Jumamosi njoo nyumbani. Nitashika udi, nitakupa sauti moja tu, nikae nayo hata dakika tano mpaka uingie. Usinipigie simu kuniuliza ni ipi.

Pete zako za kupigia ulizisahau mezani, nimezifunga kwenye leso.

Babaako