Mwalimu naye apewe kadi

Mhariri,

Mwanangu ana miaka 9 na ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna ya kuwasiliana na wengine. Kadi zake 6 za nyuso, anazojifunzia hisia, anazijua zote: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, kinyaa. Humalizi kuinyanyua, ameshaitaja. Juzi nilipokea simu ya msiba, nikasimama nalia kimyakimya. Akanitazama, akasema, "Mama, uso una maji," kisha akaniomba nimfungulie kopo la rangi.

Sikukasirika. Kwenye kadi, huzuni ina midomo iliyopinda kwenda chini. Mimi nilikuwa nimeibana. Na sisi watu wazima tu wagumu kusomeka, tunacheka hata tukiwa na hasira.

Kadi zina kazi yake kumpa mtoto majina ya hisia, ila mazoezi yake mara nyingi huishia palepale mezani. Siku hizi tunatazama video bila sauti, naisimamisha, tunaanza na mabega na mikono, uso baadaye. Halafu namuuliza, "Kabla ya hapa kulitokea nini?" Tukio humfungulia maana kuliko sura. Nami najitangaza: "Nimekunja mikono kwa sababu nimechoka, hujanikosea." Zamani alikuwa akiniuliza mara kumi kwa siku kama nimemkasirikia.

Nisichokubali ni ile amri ya "nitazame machoni". Mwalimu wake wa zamani alikuwa hata akimshika kidevu. Watu wazima wengi wenye usonji wameeleza kwamba kutazamana macho kunawaelemea, wakilazimishwa hata maneno hawayapati. Wangu husikiliza vizuri akiwa ameangalia dirisha. Muulize baadaye, atakurudishia kila neno, pamoja na yale uliyotamani asiyasikie.

Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na sisi wengine kuna pande mbili: wao wanashindwa kutusoma, nasi tunashindwa kuwasoma. Nilimwelewa mara moja. Mwanangu akipunga mikono upesi karibu na kifua, amefurahi. Akiipunga chini, ubavuni, kelele zimemzidi na dakika chache zijazo atapiga yowe. Yule mwalimu alikaa naye mwaka mzima bila kuijua tofauti hiyo, akaita yote mawili utundu.

Kwa hiyo nimechora kadi mbili za mikono hiyo, nimempelekea mwalimu wa sasa. Ya pili bado anaichanganya na ya kwanza, lakini anajitahidi.

Mama mzazi