Malalamiko Kuhusu Boksi la Bunduki Nililouziwa Kama la Asili

Moshi

Kwa Meneja,
Duka la Vitu vya Kale,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA BOKSI LA NAKALA KWA BEI YA BOKSI HALISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu boksi tupu la bunduki ya Winchester Model 70, kaliba ya .458, kwa shilingi 1,400,000. Risiti ya EFD ninayo, na imeandikwa "boksi halisi la kiwandani, 1957". Bunduki yenyewe niliachiwa na marehemu baba, aliyekuwa fundi wa magari ya wawindaji hapo Arusha, na ninaimiliki kwa leseni. Boksi lake la awali mama alilifugia vifaranga hadi likaoza. Watu wengi waliyatupa maboksi haya ya karatasi ngumu, ndiyo maana machache yaliyobaki yana thamani kubwa kwa wakusanyaji, na ndiyo maana wapo wanaoyaiga.

Kwenye lebo ya ubavuni, baada ya jina la mji wa New Haven, Connecticut, Marekani, kilikokuwa kiwanda cha Winchester, zimechapwa tarakimu tano za posta. Marekani ilianza kutumia namba hizo mwaka 1963. Boksi la mwaka 1957 haliwezi kubeba namba iliyokuja miaka sita baadaye, na kwangu hilo peke yake linatosha. Hata hivyo niliendelea kulichunguza. Chini ya lenzi, herufi za lebo zimeundwa na vidoto vya wino wa rangi mbalimbali, kama zitokazo kwenye printa ya kompyuta. Pini za chuma zimefifishwa zionekane kuukuu, lakini hakuna alama hata moja ya kutu iliyoingia kwenye karatasi. Niliimulika lebo pia kwa taa ya kukagulia noti, ikang'aa rangi ya samawati. Hilo silitilii mkazo, kwa kuwa kemikali za kung'arisha karatasi, ziletazo mng'ao huo, zilikwisha kuanza kutumika katika miaka ya 1950.

Jambo lililoniumiza zaidi ni namba ya bunduki. Kabla sijalipa, mfanyakazi wenu aliniomba picha ya leseni yangu, akisema ni kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi, nami nikaituma nzima bila kuficha kitu. Boksi lilipofika lilikuwa na namba ileile ya bunduki ya baba, imeandikwa kwa penseli ubavuni. Niliwaita wadogo zangu waje kuona, tukaamini kwamba boksi na bunduki vilitoka kiwandani pamoja na sasa vimekutana tena. Siku chache baadaye, mchana kweupe, niliona kwamba sehemu ile yenye namba imesuguliwa kwa msasa, mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, na mstari wa penseli unapita juu ya mikwaruzo hiyo bila kukatika. Maana yake namba iliandikwa baada ya boksi kuchakazwa, na ilitoka kwenye leseni yangu.

Sipingi nakala. Nakala iliyoandikwa wazi kuwa ni nakala, ikauzwa kwa bei yake, ningeinunua na kushukuru. Hii mliyoniuzia ingekaa nyumbani kwangu, kisha siku moja wanangu wangeiuza pamoja na bunduki kwa mtu mwingine mwenye kibali, wakamdanganya bila wao kujua, tena kwa namba inayolingana kabisa.

Kwa hiyo naomba mnirejeshee fedha zangu zote ndani ya siku 14, mnieleze kwa maandishi ni nani aliyeandika namba ile, na mfute picha ya leseni yangu popote mlipoihifadhi. Maboksi mengine mliyonayo yakaguliwe kabla hayajauzwa. Nisipopata jibu katika muda huo, nitawasilisha lalamiko hili Tume ya Ushindani pamoja na risiti na picha nilizopiga.

Boksi nitalileta mwenyewe Arusha. Naomba tu kwamba kabla sijalikabidhi, neno NAKALA liandikwe mbele yangu ndani ya kifuniko kwa wino usiofutika, na namba ya bunduki ya baba ifutwe.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja wenu, Moshi