Mtungi haujapunjwa, umepoa

Jumamosi ya wiki juzi, saa tatu na nusu asubuhi, nilitumiwa picha. Geji ya presha ya mtungi, mshale umesimama kwenye 185 badala ya 200, nyuma yake mchanga wa kisiwa cha Mbudya. Chini ya picha: "Fundi, leo umenipunja." Mpaka jioni picha hiyohiyo nilikuwa nimeletewa na watu wengine wawili, maana wazamiaji wa Dar si wengi na wote wako kwenye magrupu yaleyale.

(Ndiyo, wazamiaji. Nikimwambia mtu kwamba wateja wangu ni wazamiaji, huniuliza ni wale wa meli za kwenda Sauzi au wale wa harusini. Hapana. Hawa wanazama baharini na mtungi wa hewa mgongoni, mimi ndiye ninayewajazia, na wanalipa.)

Simlaumu kwa kuwaza hivyo. Mtu aliyekulia mjini hapa anajua mtungi wa gesi wa jikoni unavyoweza kumwishia kabla ya wakati, na anajua kwa nini muuzaji huambiwa auweke kwenye mzani mbele ya mnunuzi. Kwa hiyo akiona geji imepungua, la kwanza linalomjia ni hilo. Malalamiko haya nayapata kila mwezi, na kaskazi ikishaanza, bahari ikatulia na maji yakawa meupe, ni karibu kila wiki. Leo naandika mara moja, ili siku nyingine niwe natuma makala haya badala ya kubishana kwenye simu huku kompresa inanguruma.

Ilivyokuwa ni hivi. Ndugu yetu alifika karakana saa moja kasorobo asubuhi, bajaji inamsubiri nje, mtungi umelazwa kiti cha nyuma kama mgonjwa. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yanakupwa, na nahodha alishasema ikifika saa mbili anang'oa nanga asije akakalishwa mchangani. Mtungi ulikuwa na baa 30 (baa ni kipimo cha presha). Nikamwambia: kaka, nikiujaza kwa haraka utatoka wa moto, ukishapoa utakuta umeshuka. Akanijibu, "Wewe jaza tu, fundi." Nikajaza. Ulipotoka ulisoma 200, na huwezi kuushika begani kwa muda mrefu jinsi ulivyochemka.

Aliyewahi kupampu baiskeli anajua jambo hili. Pampu mara ishirini kwa nguvu, halafu shika mrija pale chini. Hewa ukiibana inapata joto, na hewa yenye joto inasukuma zaidi, kwa hiyo geji inasoma juu. Mtungi wenye joto la nyuzi 50 ukiwa na baa 200, ukitumbukia kwenye bahari yetu yenye nyuzi 27 utasoma kama 186. Hakuna hewa iliyotoka. Ni ileile, imetulia. Geji yake ilisoma 185. Mimi nikiona hivyo nafurahi, maana hesabu imekubali.

Sasa tuone hizo baa 15 zilizozua maneno zina thamani gani. Mtungi wa lita 12 ukipungukiwa baa 15 umepungukiwa lita 180 za hewa, ukilinganisha na uliojazwa 200 ukiwa baridi. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, kwenye kina cha mita 10 anavuta 40, kwa sababu kila mita 10 za bahari zinaongeza presha ya anga moja nzima. Gawanya. Ni dakika nne na nusu. Kwa dakika nne na nusu nimeitwa mwizi kwenye magrupu mawili.

Wapo wanaotaka nifidie. "Basi jaza mpaka 220, ukipoa utakaa 205." Sijazi. Presha ya kazi imegongwa kwenye bega la mtungi na kiwanda, na mimi sina mamlaka ya kuisogeza. Wengine wanashauri niuweke kwenye pipa la maji wakati wa kujaza. Unasaidika kidogo tu, na tone moja likibaki kwenye mdomo wa koki linaingizwa ndani kwa nguvu ya kompresa, kisha linakaa humo likila chuma kimyakimya.

Dawa ni muda. Mtungi ukiletwa jana yake tunaujaza taratibu, tunauacha upoe usiku, asubuhi tunauongezea mpaka 200 ukiwa baridi. Kuongezea hatutozi. Hata siku moja hatujawahi kutoza.

Nakuja kwenye bei, maana najua ndiko mnakotaka tufike. Kujaza ni shilingi 25,000. Kuna mteja aliniuliza mbele ya watu: "Upepo huu huu? Kwa fundi pancha si mia tano?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini niliumia. Upepo wa fundi pancha ni baa mbili au tatu, na tairi halina mapafu. Kompresa yake inavuta hewa popote ilipo, pamoja na vumbi, mvuke wa oili na moshi wa bodaboda iliyosimama pembeni. Ya kwangu inavutia hewa kwenye bomba lililopandishwa juu ya paa. Hewa hiyo inakamuliwa maji, inapita kwenye filta ya kunyonya unyevu na ya kaboni ya kunyonya harufu na mafuta, ndipo inaingia kwenye mtungi wako. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar, filta haimalizi saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Nikiinunua inatoka nje ya nchi.

Halafu kuna jenereta. Umeme ukikatika nalazimika kuliwasha, na moshi wake una monoksidi ya kaboni ambayo haina rangi wala harufu. Kiasi ambacho huku juu kingekuuma kichwa tu, ukiwa mita 30 chini kinakubana kwa presha mara nne. Ndiyo maana mdomo wa lile bomba la paa tunauhamisha mara mbili kwa mwaka. Upepo wa kusi ukishika unaelekezwa upande mmoja, kaskazi ikirudi unageuzwa. Kijana wangu hupanda na kipande cha uzi mwekundu, anakifunga pale na kukitazama robo saa kinapepea kuelekea wapi kabla hajafunga kibano. Robo saa hiyo haiandikwi kwenye risiti.

Na tafadhali, si oksijeni. Nimechoka kusahihisha, lakini hili naling'ang'ania kwa sababu kuna mtu nusura limuue. Tunachojaza ni hewa ya kawaida, ambayo sehemu 21 kwa mia ndiyo oksijeni na nyingine karibu yote ni naitrojeni. Bwana mmoja alisikia kwamba wauzaji wa gesi za kuchomelea wana oksijeni halisi kwa bei nafuu, akaenda na mtungi wake aujaze "dawa yenyewe". Bahati yake, koki hazikuingiliana. Akaja kwangu kuniuliza kama nina kiunganishi. Nikamkalisha. Oksijeni tupu ikipita mita 6 tu inageuka sumu: mtu anaweza kupata degedege akiwa chini ya maji, kile cha mdomoni anachovutia hewa kinamtoka, basi. Tena ikikutana na grisi ndani ya koki inaweza kulipuka moto hapohapo juu. Aliondoka ameloa jasho. Mpaka leo ni mteja mzuri.

Mkato mwingine unaonipa kazi, na kuwatia watu hasara, ni wa regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa kutoka kwenye mtungi. Mteja wa Mikocheni aliona bomba lake linatoa mapovu madogo kwenye kiungio. Huduma ya mwaka mzima ni shilingi 180,000, akaona ni wizi kwa oringi mbili, yaani vipete viwili vya mpira. Akafungua mwenyewe kwa spana ya bomba la maji, akazipaka mafuta ya nazi, akafunga. Juu mapovu yakakoma. Akazama Fungu Yasini, dakika ya kumi na mbili kile cha mdomoni kikaanza kumwaga hewa chenyewe bila kukoma. Alipanda salama kwa sababu rafiki yake alikuwa karibu.

Niliifungua hatua ya kwanza mbele yake mezani. Hii ndiyo sehemu inayofungwa kwenye mtungi, inaishusha presha kutoka baa 200 hadi kama 10 hivi kabla ya kuipeleka mdomoni. Hewa ikitanuka ghafla namna ile inapoa sana. Nani Dar hajui mafuta ya nazi yanavyofanya asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba? Yanaganda kwenye chupa mpaka uyaanike juani. Ndani ya ile shaba yalikuwa yameganda, yameshika chembe za mchanga na chumvi, yametengeneza kitu kama ukoko wa wali. Mchanga ulikuwa umechora mstari kwenye pistoni. Mstari mwembamba, unausikia kwa ukucha kuliko unavyouona. Pistoni mpya, kiti kipya, vipuri vyote vya huduma, na kuoshea kwenye mashine: 340,000. Hapo tena nikaambiwa namkomoa.

Wengine hawagusi kabisa. Dada mmoja aliiweka regulata kabatini miaka miwili, akaniuliza kwa ukali kwa nini nibadilishe vipuri vya kitu ambacho hakijatumika. Swali zuri. Mpira wa oringi unakauka ukitumika na usipotumika, na chumvi iliyobaki ndani haijui kama uko likizo. Lakini hoja yangu haikumgusa mpaka nilipofungua kifuniko cha kile cha mdomoni. Mende watatu, na mayai yao yamegandishwa nyuma ya ngozi ya mpira. Wanapapenda pale, kuna giza na kunabaki harufu ya mate. Alilipa bila neno na kuomba na sehemu ya mdomo ibadilishwe, ingawa nilimwambia inaosheka.

Mitungi sitaki kurefusha. Kila mwaka inafunguliwa na kutazamwa ndani kwa taa, kila miaka 5 inapelekwa kupimwa kwa presha ya maji na kugongwa muhuri mpya wa mwezi na mwaka. Muhuri ukiwa umepita, sijazi hata kwa shemeji. Msirudishe mtungi mtupu kabisa huku koki iko wazi. Bakizeni baa 30, maana mtungi usio na presha unakaribisha bahari. Na kama hamuipendi rangi yake, msiupeleke kwa mafundi wa magari wanaokausha rangi kwenye oveni. Joto lile linailegeza aluminiamu. Mmoja uliletwa umepakwa bluu nzuri inayong'aa kama gari la harusi, ikabidi niukatae.

Nimewahi kumkatalia hata mzee wangu mmoja, mteja ninayemheshimu kuliko wote. Ana miaka zaidi ya 70, alianza kuzamia miaka ya 80. Mtungi wake ulikuwa wa Marekani, wa aluminiamu ya aloi 6351, ambayo ina sifa mbaya ya kupata ufa shingoni pale penye nyuzi za koki. Nilipomulika nikauona, kama unywele. Nikasema, shikamoo mzee, huu haujazwi tena. Alinuna miezi miwili. Sasa mtungi huo umekatwa chini, unaning'inia kwake uani kama kengele.

Mzee huyu ndiye ninayewaonyesha vijana wanaodhani mchezo huu ni wa vifua. Anazama na watoto wa miaka 25, wao wanarudi na baa 50, yeye ana 90. Hapigi mapezi ovyo, anapumua kama aliyelala, na njia ya kupanda juu anaihesabu kwa saa, kisha anasimama mita 5 dakika tatu hata kama wenzake wameshapanda botini wanakula machungwa. Regulata yake ina umri wa kijana wangu wa karakana. Akitoka baharini anakausha kifuniko cha vumbi kwa fulana yake, anakifunga, ndipo anailoweka kwenye beseni la maji baridi bila kubonyeza kitufe cha kile cha mdomoni. Kitufe ukikibonyeza ndani ya beseni, maji yanapanda mpaka hatua ya kwanza, na umeniletea kazi.

Na mitungi yake huja Alhamisi. Kila mara Alhamisi.

Yule wa picha alikuja Jumanne na uso wa kesi. Sikumweleza kitu. Nilimjazia haraka mbele yake mpaka 200, nikamwachia mtungi na geji yake mwenyewe mezani, nikamwagizia kahawa na kashata kwa muuzaji wa nje. Baada ya kikombe cha kwanza 196. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, 188. Akaizungusha geji, akaigonga kwa kidole, akanitazama.

"Kwa hiyo nikiuacha leo?"

"Kesho asubuhi unachukua 200 ya baridi."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Ileile."

Akaagiza kahawa nyingine, akasema boti ya Jumamosi hii inaondoka saa moja, akauliza Alhamisi huwa tunafunga saa ngapi. Tunafunga saa kumi na mbili jioni.