Kukiri kwa Kihispania: barua kwa mdogo wangu

Valencia, Uhispania

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa baba na mama na wote hapo nyumbani. Insha yako nimeisoma hadi mwisho. Imepangika vizuri, ila kila palipotakiwa kukiri jambo umeweka admitir. Najua sababu: vitabu mnavyosomea vimeandikwa kwa Kiingereza, na admit yao inafanana nayo. Sarufi hujaivunja, lakini kwenye DELE, ule mtihani wa Kihispania, upana wa msamiati una alama zake, na huku kila kitenzi kina mahali pake.

Kiweke mbele reconocer. Jambo liko wazi, au mwenzako amekuonyesha, nawe unalikubali bila kuvutana: Reconozco que tienes razón, nakubali una haki. Unapotaka kuupa upande wa pili haki yake kabla ya kuupinga, anza na Hay que reconocer que... Iangalie z: reconozco, na kwenye subjuntivo, umbo la kitenzi kwa jambo lisilotajwa kama hakika, reconozca, reconozcas. Anayetambuliwa akiwa mtu, a haikosekani: reconocer a un hijo ni mzazi kukubali kisheria kuwa mtoto ni wake. Kitenzi hichohicho ndicho cha kumtambua mtu kwa sauti, la reconocí por la voz. Ukikutana na reconocimiento médico kwenye karatasi za kazi, ni kupimwa afya.

Admitir asili yake ni kupokea, kuruhusu kuingia. La admitieron en la universidad, alipokelewa chuo kikuu. Dukani utasoma No se admiten devoluciones: ukishanunua, hurudishi. Kikitumika kwa kosa, mara nyingi husikika kwamba mtu alikaza kwanza, akabanwa, kisha akalegea: Al final admitió que había mentido, mwishowe alikiri kwamba alidanganya. Ukimwandikia mwalimu admito mi error, si kosa, ila reconozco mi error ina uungwana zaidi.

Mgonjwa aliyelazwa usimpe admitir. Sema ingresar: la ingresaron anoche. Na siku utakapoomba kibali cha ukaazi, soma kwa makini: admitida a trámite maana yake ombi limepokelewa ili lishughulikiwe, basi. Likikubaliwa utaona concedida, likikataliwa, denegada. Wako wanaofurahi mapema hapo, halafu jibu linakuja kinyume.

Confesar kinataka kitu kilichofichwa: dhambi, wizi, au jambo dogo tu unaloona haya kulisema, Confieso que no me gusta el café, nakiri sipendi kahawa. Kinageuka e kuwa ie: confieso, confiesan, ila confesamos inabaki. Kuungama kwa padri ni confesarse con el cura.

Asumir kinakwenda mbali kuliko kukiri, maana anayesema asumo la responsabilidad anabeba na matokeo. Kwa maana ya kudhani, ile ya assume ya Kiingereza, tumia suponer. Kuthibitisha kuwa umepata barua ni acusar recibo. Acusar peke yake ni kushtaki, lakini hapo hakuna kumshtaki mtu.

Sasa panapowaangusha wengi. Baada ya reconocer que, admitir que na confesar que, sentensi ikiwa ya kukubali, tumia indicativo, umbo la kusema jambo kama lilivyo: Reconoce que se equivocó, anakiri kwamba alikosea. Ukikanusha, subjuntivo inaingia: No reconoce que se haya equivocado. Indicativo nayo inawezekana, No reconoce que se equivocó, na hapo wewe msemaji unashikilia kwamba alikosea kweli, yeye ndiye anayekataa. Lakini admitir kikiwa na maana ya kuvumilia, subjuntivo ni lazima: No admito que me hables así, sikubali uniseme hivyo. Mtenda akiwa mmoja pande zote mbili, unaweza kuiacha que na kuandika Admitió haber mentido. Imenyooka, na suala la subjuntivo halipo tena.

Irudie aya ya tatu ya insha yako. Admitir ziko nne. Ningeacha ile ya mwanafunzi aliyebanwa na mkuu wa shule, nyingine zote ziwe reconocer. Ukimaliza nitumie niisome.

Wasalimie wote.

Dada yako