Malalamiko kuhusu picha ya lango la Xizhimen iliyochapishwa kinyume

Mbeya

Kwa Meneja,
Kitengo cha Picha za Ukutani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PICHA YA LANGO LA XIZHIMEN, BEIJING, ILIYOGEUZWA NA KUPEWA MAELEZO YASIYO SAHIHI

Mwezi uliopita niliagiza kwenu picha ya kutundika ukutani, sentimita 90 kwa 60, yenye fremu ya mbao na kioo. Nililipa shilingi 240,000 kwa simu, na nauli ya basi juu yake. Mzigo ulifika Mbeya salama, kioo kizima, pembe za fremu zimekazwa vizuri. Katika hilo sina neno, na fundi wenu wa fremu namshukuru. Malalamiko yangu ni juu ya picha yenyewe.

Niliyoichagua kwenye orodha yenu ni picha ya miaka ya 1920 ya Xizhimen, lango lililokuwa upande wa magharibi wa ukuta wa mji wa Beijing, karibu na kona ya kaskazini. Niliichagua kwa ajili ya baba yangu. Mwaka 1972 alikuwa mmoja wa vijana wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini kusomea mambo ya reli, ili warudi kuiendesha TAZARA. Chuo hicho kiko nje kidogo ya Xizhimen. Kwa miaka mitatu jina hilo lilikuwa mdomoni mwake kila siku, kwa sababu hata kituo cha treni cha pale kiliitwa hivyo. Lakini lango hakuliona. Lilikuwa limebomolewa mwaka 1969 kupisha reli ya chini ya ardhi. Wenyeji walikuwa wakimwonyesha kwa mkono tu: lilisimama pale. Amerudi nyumbani, amefanya kazi relini mpaka amestaafu, na miaka yote hiyo anajua jina asijue sura. Nilitaka aione sura hiyo siku alipotimiza miaka 73.

Tukaifungua sebuleni, wajukuu wamemzunguka. Baba akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akanyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani amezidiwa na furaha. Kisha akaniambia, "Mama, hii imegeuzwa."

Alimaanisha kulia imekuwa kushoto, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Naomba niwaeleze alichokiona, maana nilipopiga simu, kijana wenu wa huduma kwa wateja alinijibu kwa upole kwamba ameyalinganisha maandishi ya Kichina na yale ya kwenye intaneti, ameona yamefuatana sawasawa, basi picha haina kosa. Kosa limejificha hapo hapo. Juu ya tao kuna kibao chenye maandishi matatu: 西直門. Zamani vibao vya malango ya China viliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo alama ya kwanza, yenye maana ya magharibi, ilitakiwa iwe mkono wa kulia. Kwenye picha yenu iko kushoto. Aliyezoea mwandiko wa leo ataona mambo yako sawa kabisa. Tena alama ya kwanza na ya tatu, hata ukizigeuza, hazibadiliki sana. Inayotoboa siri ni ile ya katikati, 直. Ina mstari unaoshuka upande wa kushoto, ukifika chini unakunja kwenda kulia, mfano wa L. Kwenye picha yenu L hiyo imetazama nyuma. Chukueni kioo cha kukuzia, mtaiona bila shida.

Ushahidi wa pili hauhitaji kujua Kichina. Mbele ya lango palikuwa na boma la pembe nne, na mtu hakuingia moja kwa moja. Aliingilia ubavuni mwa boma, upande wa kusini. Mpiga picha alisimama nje ya mji akitazama mashariki, kwa hiyo kusini ni mkono wake wa kulia. Ninyi mmeuweka mlango huo kushoto, yaani kaskazini, mahali ambapo hapakuwa na mlango. Baba ni mtu wa ramani na vipimo. Hili lilimuuma kuliko yote.

Halafu kuna maelezo mliyochapisha chini ya picha: "Lango la Ukuta Mkuu wa China, 1780." Xizhimen halikuwa sehemu ya Ukuta Mkuu. Ukuta Mkuu uko milimani, makumi ya kilomita kutoka mjini. Hili lilikuwa lango la mji, lililojengwa katika miaka ya 1430 wakati wa utawala wa Ming. Mikokoteni iliyobeba maji ya chemchemi ya Yuquan kupeleka kasri la mfalme ilipita hapo. Na mwaka 1780 hapakuwa na kamera duniani. Upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka 1839.

Mlinitumia ujumbe wa kunipunguzia asilimia 15 kwenye oda ijayo. Sikuukubali, na naomba mnielewe kwa nini. Mngekosea picha ya lango jingine la mji huo, Zhengyangmen, mtu angeweza kwenda Beijing akalinganisha kwa macho yake, maana bado lipo. Mnara wa mishale wa lango la Deshengmen nao upo. Xizhimen halipo. Lilipokuwa likibomolewa, ndani ya boma lake lilikutwa lango jingine la kale zaidi, Heyimen, la zama za Wamongolia, nalo halikuachwa. Kilichobaki ni picha. Lango la Yongdingmen, lililobomolewa mwaka 1957, lilipojengwa upya mwaka 2004, mafundi walitegemea picha na michoro ya zamani. Ninyi mnauza picha hizi kwa watu watakaozitundika miaka ishirini, na watoto wao watakua wakiamini wanachokiona ukutani.

Ninachoomba ni hiki. Mnichapishie picha upya kutoka faili ambalo halijageuzwa, kwa ukubwa uleule, na maelezo yaseme "Xizhimen, Beijing, miaka ya 1920" basi. Gharama za kuisafirisha mpya na kuirudisha ya zamani ziwe juu yenu. Fremu sihitaji nyingine, fundi wa hapa Mbeya ataifungua na kuifunga. Iondoeni picha hiyo kwenye orodha mpaka mtakapoirekebisha, na kila aliyeinunua kabla yangu aambiwe. Kama faili mlilipata kwa mtu likiwa tayari limegeuzwa, naye ajulishwe. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Mkishindwa, nirudishieni fedha zangu zote pamoja na nauli.

Kwa sasa picha imeegemezwa nyuma ya kabati. Baba hataki itundikwe ilivyo, ila msumari ameshaupigilia mwenyewe sebuleni, usawa wa macho yake akiwa ameketi kitini.

Nasubiri jibu lenu.

Mteja wenu,
Mbeya