Faida ikiporomoka msikimbilie kusema ni tahadhari

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo kwenye habari za biashara linanikera muda mrefu sasa. Kampuni ikitangaza faida imeporomoka anatafutwa mchambuzi, na mchambuzi anasema hesabu zimeandaliwa kwa tahadhari, hasara zote zimeshaingizwa mapema, basi wenye hisa wanaambiwa watulie. Inaweza kuwa kweli. Ila mara nyingi hakuna aliyeangalia gharama za hiyo kampuni zinakwendaje mauzo yakishuka.

Tahadhari yenyewe ni mhasibu kuandika habari mbaya mapema, wakati habari njema anaidai ushahidi mzito kwanza. Mzigo wa stoo ukishuka bei chini ya ulivyonunuliwa unaandikwa kwa ile bei ya chini saa hiyo hiyo, ukipanda unasubiri mpaka uuzwe. Naiunga mkono kabisa hiyo, inawalinda wanaokopesha na wanaonunua hisa.

Sasa njoo kwenye gharama. Mauzo yakipanda bosi anaajiri, anakodi ofisi nyingine, anaongeza magari, lakini yakishuka hawezi kufukuza watu kesho yake sababu kuna mafao ya kulipa, mkataba wa pango haujaisha, halafu mwenyewe anaamini biashara itarudi na kuanza kutafuta watu wapya na kuwafundisha kazi itamgharimu kuliko kuwavumilia hawa alionao. Watafiti wa uhasibu Anderson, Banker na Janakiraman walilipima hili kwa kampuni za Marekani wakachapisha 2003: mauzo yakiongezeka asilimia 1, gharama za kuuza na utawala zinapanda asilimia 0.55, yakipungua asilimia 1 zinashuka 0.35 tu. Yaani gharama zinanata.

Tupige hesabu ya mfano. Kampuni ina mauzo 1,000, gharama 900, faida 100. Mauzo yanashuka asilimia 10 yanakuwa 900, gharama zinashuka asilimia 3 tu zinakuwa 873, faida inabaki 27. Karibu robo tatu ya faida imeyeyuka na hakuna mhasibu aliyeshusha thamani ya kitu chochote! Hiyo tahadhari iko wapi hapo?

Hata wasomi liliwasumbua. Kipimo maarufu cha tahadhari ni cha mtafiti Basu cha 1997, kinaangalia kama faida inaitikia habari mbaya za soko la hisa haraka kuliko inavyoitikia njema. Lakini mwaka wa habari mbaya ndo huo huo mauzo yanashuka na gharama zinanata, kwa hiyo kipimo kinabeba vyote viwili na kuviita tahadhari. Mwaka 2016 Banker, Basu mwenyewe, Byzalov na Chen walionyesha kwamba usipotenganisha mnato wa gharama, tahadhari inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Namheshimu sana mtu anayerudi kusahihisha kipimo chake.

Na kwa mwenye hisa tofauti hii ni kubwa mno. Mashine iliyoshushwa thamani hasara yake imeshaandikwa, lakini mishahara ya watu wasio na kazi ya kutosha mwaka huu, mwakani italipwa tena kama mauzo hayajarudi, na kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 37, hakiruhusu kutenga leo hasara za uendeshaji za kesho (mkataba ambao tayari ni wa hasara ndo una ruhusa yake). Kwa hiyo mnapoandika kwamba hasara zote zimeshaingizwa, kwa kampuni ya gharama zinazonata mnampa mtu matumaini ambayo vitabu havijayatoa, na yeye anashikilia hisa zake akisubiri. Upande wa pili nao upo, mauzo yakirudi kampuni hiyo hiyo inaweza kuruka kwa kasi maana watu na vifaa iliwatunza, na hilo pia msomaji anyimwe kwa nini?

Ninachoomba ni kidogo. Mkiripoti matokeo ya kampuni wekeni mauzo yamebadilika kwa asilimia ngapi, gharama za uendeshaji asilimia ngapi, na pembeni kiasi kilichotokana na kushusha thamani ya mali na fedha zilizotengwa kwa madeni mabaya. Vingi vya hivyo viko kwenye maelezo ya hesabu, kurasa za nyuma ambazo hazisomwi. Na kama kampuni haijaviweka wazi, andikeni hivyo hivyo kwamba haijaviweka.

Msomaji wenu