Barua kutoka Mesocco

Bellinzona, Uswisi

Mpendwa Rehema,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe pamoja na watoto. Mimi sijambo. Uliniuliza ni adui gani aliyeiangusha ngome ya Mesocco, ile niliyokutumia picha yake, na kwa kuwa swali lako halikunitoka moyoni, Jumamosi iliyopita nilirudi huko ili nisikujibu kwa kukisia.

Hakuna adui aliyeiangusha, Rehema. Ilibomolewa mwaka 1526 kwa amri ya watawala wa nchi hiyohiyo, na jambo hilo ndilo linaloyafanya magofu yake yanishike kuliko ngome tatu nzima zilizopo hapa Bellinzona ninapoishi.

Mesocco ni kijiji cha bonde la Mesolcina, upande wa kusini wa milima ya Alpi, katika jimbo la Graubünden, ingawa wenyeji wa bonde hilo husema Kiitaliano. Katika bonde hilo umeinuka mwamba mkubwa wenye magenge, na juu yake ndipo zilipo kuta. Msafiri wa zamani aliyetoka Italia kwenda kaskazini kwa njia ya San Bernardino, inayovuka milima kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, alipita chini ya mwamba huo akitazamwa kutoka juu. Mabwana wa ukoo wa von Sax waliishikilia ngome hiyo kwa vizazi vingi, na aliyekuwa na ngome ndiye aliyekuwa na njia.

Mwaka 1480 ukoo huo uliiuza kwa Gian Giacomo Trivulzio, jemadari wa Milano ambaye baadaye alipanda cheo hadi kuwa Marshali wa Ufaransa. Trivulzio aliiimarisha ngome yake kwa ajili ya vita vya mizinga, na mwaka 1496 akaliingiza bonde lake katika Shirikisho la Kijivu, mojawapo ya yale Mashirikisho Matatu, yaani miungano ya jamii za milimani, yaliyokuja kuwa Graubünden ya leo. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, kwa maana wakulima na wafugaji wa milimani walijikuta wana mshirika mwenye ngome nzito kuliko kitu chochote walichokuwa nacho wao. Kisha mwaka 1525 Gian Giacomo Medici, bwana wa ngome ya Musso kando ya Ziwa Como, akawanyang'anya watu hao wa Mashirikisho ngome ya mji wa Chiavenna, nao wakaona kwa uchungu jinsi kuta chache zikiwa mikononi mwa mtu mmoja zinavyoweza kuisumbua nchi nzima. Trivulzio alikuwa amekwisha kufa mwaka 1518. Mwaka uliofuata baada ya tukio la Chiavenna, Mashirikisho yakaamuru Mesocco ibomolewe. Mimi siwalaumu, ingawa kila nipandapo pale nasikitika.

Nilikaa muda mrefu mbele ya ukuta mmoja uliopasuka. Mahali ulipovunjika unaona utumbo wake: nje, pande zote mbili, yamepangwa mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa uangalifu, na katikati vimejazwa vifusi vya kokoto na chokaa. Niliyagusa yale mawe. Chokaa ilikuwa ngumu, haikumomonyoka hata chembe kidoleni. Fikiria kazi ya kuvunja kitu kama hicho kwa sululu na mitaimbo.

Waliobomoa, hata hivyo, hawakubomoa kila kitu. Mnara wa kengele wa kanisa la San Carpoforo, lililokuwa ndani ya boma lenyewe, ungali umesimama. Chini ya mwamba lipo kanisa jingine, Santa Maria del Castello, ambalo ukuta wake wa ndani umejaa picha zilizochorwa katika karne ya 15: Mtakatifu Joji juu ya farasi akimuua joka, na chini yake miezi ya mwaka, kila mmoja na shughuli yake. Wakati picha hizo zinachorwa, ngome ilikuwa hapo juu, nzima.

Kubomolewa kwa kuta hakukuwaondolea watu wa bonde bwana wao. Ukoo wa Trivulzio uliendelea kuwa na haki zake juu yao hadi mwaka 1549, walipoununua uhuru wao kwa fedha taslimu. Yaani kwa miaka 23 walimtii bwana ambaye ngome yake ilikuwa rundo la mawe.

Siku hizi barabara kuu inapita chini ya mwamba huo, ikielekea kwenye handaki la San Bernardino lililofunguliwa mwaka 1967, na magari hayapunguzi mwendo. Utakapokuja mwezi wa sita, tutashuka kijijini na kupanda kwa miguu. Njoo na viatu imara, na tuanzie kanisani ili uzione zile picha kabla ya magofu.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Neema